Tupeane uzoefu: ni kero gani ya mteja iliyokufundisha kuuza?

Mwanzisha mada, Busia
Habari zenu wadau, hasa mlio huku Uganda. Nauza taa za sola. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasifia wati, betri na waranti. Watu wananisikiliza vizuri tu, wanashukuru, wanaondoka.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka kijijini. Akaishika taa, akaigeuza huku na huku, balbu hata hakuitazama. Alikuwa anatafuta tundu la kuchajia simu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema simu yake huipeleka senta, analipa shilingi 500 na kuiacha kutwa nzima. Juzi alirudishiwa ikiwa na betri ya mtu mwingine, imevimba hata kifuniko hakifungi. Mumewe yuko kazini Juba; simu ikizima, ndiyo basi. Alilipa palepale wala hakuomba nipunguze.

Tangu hapo mtu akiingia dukani sianzi na bei. Namuuliza simu anachajia wapi. Je, wenzangu, nyinyi mligunduaje kinachomuuma mteja?

Muuza pembejeo, Kasese
Mkulima wa huku bei anaivumilia. Anachoogopa ni mbegu feki. Mbegu isipoota, vibarua umeshawalipa, mvua imepita, na msimu umekwenda nayo.

Kila nikifungua mfuko mpya wa mbegu ya mahindi ya Longe 5, nachukua punje kumi nazifukia kwenye kopo la udongo. Kopo linakaa kaunta, tarehe nimeiandika kwa maka. Baada ya wiki mteja anajihesabia mwenyewe. Zikiota tisa, nasema tisa. Msimu mmoja ziliota nne tu. Niliurudisha mzigo wote kwa muuzaji wa jumla, nauli ikawa hasara yangu, na kopo lile sikulificha. Walioliona siku zile bado wananunua kwangu, na wengine wameniletea majirani zao.

Na jambo moja nawaomba wauza mbegu wenzangu: mwambieni mkulima ukweli kwamba Longe 5 anaweza kuweka mbegu yake akapanda tena, lakini mbegu chotara (hybrid) hapana. Wengi wanaumia hapo.

Bodaboda, Kampala
Abiria wa kike walikuwa wanaikataa helmeti yangu nikadhani hawaogopi ajali. Kumbe ni harufu ya jasho la waliotangulia, na nywele walizotoka kusuka kwa pesa nyingi. Sasa nabeba vikofia vyepesi vya kuvaa ndani, kila abiria na chake. Kuna wanaonipigia kila asubuhi, hawaendi tena steji.

Mama wa watoto watatu, Jinja
Naongea kama mnunuzi. Mwanangu alipougua taifodi, alikuja mtu mlangoni na chupa za dawa za asili. Hakuniuliza mengi. Alinitazama usoni, akajua nimechoka na nimeogopa, akataja bei kubwa, nami nikatoa pesa niliyoiweka ya karo. Mtoto alipona kwa antibayotiki za hospitali. Kwa hiyo mnapojifunza kero zetu, tafadhali, mkumbuke kwamba mtu mwenye maumivu hana nguvu ya kukataa. Huyo wa Kasese na kopo lake namwombea baraka.

Mwanzisha mada, Busia
Pole sana mama. Umesema jambo zito, na limenigusa.

Fundi cherehani, Arua
Nashona sare za shule. Muhula wa kwanza ukikaribia, karo, madaftari na sare vyote vinadai pesa wiki moja. Mzazi anaanza na karo, sare inangoja, mtoto anarudishwa nyumbani. Bei sikuipunguza. Nilianza kupokea kidogo kidogo tangu shule zinapofungwa: leo 5,000, wiki ijayo 3,000, wengine wanatuma kwa simu. Mwezi wa pili ukiingia sare inaning'inia tayari.

Mwanzisha mada, Busia
Dada, na mtoto akirefuka kabla mzazi hajamaliza kulipa?

Fundi cherehani, Arua
Kitambaa nakata mapema, kushona nashona wiki mbili za mwisho, baada ya kumpima tena. Na pindo la chini naacha inchi tatu. Mzazi nampa daftari dogo, kila anapolipa tunaandika wote wawili na kutia sahihi.