Naomba ushauri: mzee wangu na rafiki yake wa Monduli

Habari zenu ndugu na wazee wetu. Naandika kutoka Jinja, na ningependa hasa kuwasikia mliokulia kambi za jeshi kama mimi.

Mzee wangu alisomea uofisa chuo cha kijeshi cha Monduli, Tanzania, baada ya Amin kuangushwa 1979. Huko alipata rafiki wa kufa na kuzikana. Vita vya msituni vilipoanza 1981, rafiki akaenda NRA, waasi wa Museveni, mzee akabaki UNLA, jeshi la serikali, mpaka Kampala ilipotekwa Januari 1986. Hawajasemezana tena. Picha yao, wameshikana mabega, buti zinang'aa, mzee anaiweka ndani ya Biblia.

Nilimsimulia habari za Grant na Buckner wa Marekani, maofisa marafiki ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwaweka pande mbili: Grant upande wa serikali, Buckner upande wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Mwaka 1854 Grant alikwama New York bila hela, Buckner akamdhamini hotelini. Mwaka 1862 Buckner akasalimu amri kwa Grant huyo huyo pale ngome ya Fort Donelson, na Grant hakumpa masharti nafuu. Mzee akauliza, "Nani alimtafuta mwenzake?" Nikamwambia Buckner, yule aliyeshindwa: alimfuata Grant mgonjwa Julai 1885, mwezi aliofariki. Akanyamaza.

Namba ya rafiki nimeipata kwa binti yake. Mzee hataki kupiga. Anasema ataonekana amekwenda kuomba kitu.

Je, nimpigie mimi kwanza, au nitafute mzee mwingine wa Monduli awe mshenga? Na wakikubali, wakutane nyumbani kwetu au mahali pengine?