Lami ya polima kwenye mlima wa malori: ina faida kweli au ni gharama tu?

KijanaWaMlimani:
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi sanifu wa barabara, niko kwenye kipande cha kupanda mlima ambacho malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana. Upande wa kupanda, lami imebonyea kwenye njia za magurudumu, mvua ikinyesha maji yanatuama humo na pikipiki zinayumba. Upande wa kushuka una afadhali, ingawa lami ni ile ile ya 60/70 (daraja la ugumu wa lami ya kawaida) na kokoto zilitoka machimbo yale yale. Mhandisi mshauri anataka tukwangue tabaka la juu tuweke lami yenye SBS, polima yenye asili ya mpira. Bei imeruka, na bosi ananiuliza kama hela itarudi. Nimjibu nini? Na hizi plastiki za majalalani, haziwezi kufanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu?

FundiMaabara:
Salama, mdogo wangu. Kabla ya kumjibu bosi, chukua rula ndefu ya mita tatu uilaze kukatisha barabara. Angalia kingo za lile bonde. Kama pembeni yake lami imeinuka na kufanya tuta, basi lami yenyewe imesukumwa, imetoka chini ya tairi ikaenda kando. Hapo polima ina kazi ya kufanya. Lakini ukikuta bonde ni pana, limelala kama bakuli na kingo hazikuinuka, tatizo liko chini, kwenye msingi au udongo. Ukiweka SBS juu ya msingi uliolegea umezika hela. Na usiishie kwenye rula. Kata mtaro mwembamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, usafishe ukuta wake, uone kwa macho ni tabaka gani limekuwa jembamba.

Kuhusu kupanda na kushuka: lami inajali sana muda wa mzigo. Tairi likipita kasi, lami inakaza. Likitambaa, lami inapata nafasi ya kutiririka. Lami ya 60/70 inalainika kwenye nyuzi 50 hivi, na uso wa barabara jua la mchana unaweza kupita nyuzi 60. Sasa weka hapo semi iliyojaa, iko gia ya chini, ekseli za nyuma zinasukuma. Itabaki vipi?

SBS inaingia hapo. Kila mnyororo wake una ncha mbili ngumu na katikati pana asili ya mpira. Ncha hukusanyana na kufanya vifundo, mpira unaviunganisha, na ukiweka ya kutosha, kama asilimia 5 ya uzito wa lami, unapata wavu uliotanda ndani ya lami yote. Ukichemsha kwa ajili ya kuchanganya, vifundo vinalegea, ikipoa vinajifunga tena. Ndiyo maana tairi likipita lami inabonyea kidogo kisha inajirudi.

Ila usipokee tanki kwa kuamini karatasi. Nenda maabara na sampuli. Kipimo cha pete na gololi kwanza, kinachoonyesha lami inalainika kwenye nyuzi ngapi. Kisha kile ninachokipenda kuliko vyote: unavuta uzi wa lami ndani ya maji ya nyuzi 25 mpaka sentimita 20, unaukata katikati kwa mkasi, unasubiri nusu saa. Lami ya kawaida inabaki imelala vile vile. Yenye SBS iliyochanganywa vizuri, vipande viwili vinarudi nyuma mbele ya macho yako, na mara nyingi vinarudisha zaidi ya robo tatu ya urefu vilivyovutwa. Kama havirudi, hiyo si lami uliyolipia.

DerevaWaMasafa:
Mimi siyo mtaalamu, lakini napita mlima kama huo kila safari. Msituangalie kwenye uzito tu. Lori moja likiharibika kwenye kona, sisi wa nyuma tunasimama juani mpaka livutwe. Ukirudi safari nyingine, pale tuliposimama pamebonyea.

FundiMaabara:
Kaka, umesema jambo kubwa. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne na tani 56 kwa gari zima, kwa hiyo hata lori lililopita mizani bila kosa linaweza kuharibu likisimama juani. Barabara ya mlimani isanifiwe kwa lori lililosimama.

KijanaWaMlimani:
Asante dada. Nimelaza rula, kingo zimeinuka kama vidole viwili. Kesho tunakata mtaro. Na lile la plastiki?

FundiMaabara:
Plastiki si uzushi. India wanaifanya, Profesa Rajagopalan Vasudevan wa Madurai ndiye aliyeifanya ijulikane, na wana mwongozo wake tangu 2013. Plastiki iliyokatwakatwa inamwagwa kwenye kokoto za moto, inazivika, kisha lami inafuata. Inakaza lami, hilo kweli. Lakini ugumu siyo kujirudi, haikupi ule uzi unaorudi nyuma ukikatwa. Kwa barabara za mitaani ningeijaribu kwa moyo mweupe. Kwa mlima wako, hapana. Na PVC isiguse kokoto za moto kabisa, inatoa gesi ya asidi na vibarua ndio watakaoivuta.

Mawili ya kusimamia wewe mwenyewe. Tanki: likipita nyuzi 190, au likikaa siku nyingi likichemka, mpira unakatika, na bila kuzungushwa polima inapanda juu. Weka kipimajoto chako, usitegemee cha mtambo. Kushindilia: lami hii ni nzito, ikianza kupoa inagoma mapema, rola ziwe nyuma ya peva (mashine ya kutandaza lami) palepale, msisubiri.

Na mchanganyiko wa kokoto usiachwe. Uwazi, yaani nafasi za hewa ndani ya mchanganyiko, ukishuka chini ya asilimia 3 baada ya malori kushindilia, hata SBS itasukumwa. Mwombe mhandisi mshauri apime kwa kushindilia mpaka igome, siyo Marshall peke yake, kile kipimo cha kawaida cha mapigo ya nyundo yaliyohesabiwa. Picha ya ukuta wa mtaro iweke hapa, na rula pembeni.