London au Washington kwa mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi? Tulinganishe vya bure

Kijana wa Ng'ong'ona
Wakuu habari za jioni. Niko geto huku Ng'ong'ona, upepo wa leo sio wa kawaida, vumbi mpaka kwenye chai. Naomba mawazo yenu. Nimepata nafasi ya masta sehemu mbili, moja London nyingine Washington, ada analipa mfadhili ila hela ya kujikimu ni ya kubanana sana, nimepiga hesabu nikitoa chumba na msosi inayobaki hata jezi sinunui. Kozi zinafanana kwa hiyo darasani sina wasiwasi. Ninachoogopa ni yale ya binamu yangu, kakaa nje miaka miwili karudi anajua njia moja tu, ya chumbani kwenda maktaba. Nasikia huko kuna makumbusho na matamasha ya bure kibao. Sasa ni wapi nitafaidi zaidi? Mliokaa huko semeni ukweli, stori za picha za mtandaoni sitaki.

Mama Zabibu
Mdogo wangu hongera kwanza. Mimi London nimesoma mwaka mmoja na nakwambia hivi, makumbusho makubwa ya taifa huingii kwa hela. British Museum wamefungua 1759 na mpaka leo mlangoni unapita bure, ukitaka yale maonyesho maalumu ndio unalipa. Pale South Kensington kuna matatu yamekaribiana, unatoka hili unaingia lile, mvua ikinyesha ndio kabisa unashinda humo. Lile la historia asilia ukiingia ukumbini unakuta mifupa ya nyangumi mzima inaning'inia juu yako, mimi nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Ila nikuchekeshe. Mlangoni kuna sanduku la kioo la mchango, na mhudumu anakusalimia kwa tabasamu kweli kweli, siku ya kwanza nikaona aibu nikatumbukiza pauni tano. Kumbe ni hiari!! Pauni tano ile ilikuwa mchele wangu wa wiki.

Jingine, wengi watakusifia Notting Hill Carnival, ni bure kweli, barabara nzima ni ngoma na wali wa Wakaribi. Lakini iko mwisho wa Agosti. Masta ya Uingereza ni mwaka mmoja, unafika Septemba, Agosti inayofuata uko kwenye tasnifu macho mekundu. Mimi niliisikia kwa mbali dirishani.

Mkuu wa Kizota
Swali dogo tu. Unaenda kusoma au kushangaa nyangumi?

Mama Zabibu
Kaka yangu, Jumapili ya nne peke yako kwenye chumba cha futi kumi, saa kumi jioni giza limeshaingia, utamshangaa hata njiwa.

Mtoto wa Makole
Washington nimekaa miaka miwili na nusu ngoja nitetee upande wangu. Dogo, kwa makumbusho London haifui dafu. Smithsonian yamepangana pembeni ya uwanja mmoja mrefu wanauita National Mall kama maduka ya sokoni Majengo, unatoka kwenye makumbusho ya ndege unaingia kwenye ya sanaa za Afrika, na zoo nayo bure. Kisa chenyewe kizuri, hela ya kuanzia aliacha Mwingereza, James Smithson, ambaye Marekani hajawahi kukanyaga, taasisi ikaundwa 1846. Wanafunga siku moja tu kwa mwaka, Krismasi. Lile la historia ya Wamarekani weusi lililofunguliwa 2016 ndio usiende kichwa kichwa, kuna tiketi za muda, ni za bure ila unachukua mapema kwenye intaneti. Mimi nilienda bila, nikarudishwa mlangoni na shati langu la kitenge nililopiga pasi kwa ajili hiyo.

Halafu kuna Folklife Festival, ipo tangu 1967, inafanyika kiangazi hapo hapo Mall, mafundi na wanamuziki wanakuja na vyombo vyao, 2014 Kenya walipewa nafasi. Na masta kule mara nyingi ni miaka miwili kwa hiyo kiangazi utakipata bila tasnifu kichwani.

Ubaya sasa. Chumba cha bei yako hutapata karibu na hapo, utakaa Maryland huko, na treni yao siku za kazi inadai kwa umbali. London basi ni bei moja, si ndio dada?

Mama Zabibu
Ndio, mimi nililipa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unabadilisha basi bila kuongeza. Sema kwa hela yetu bado ni zaidi ya elfu tano, kwenda tu.

Fundi wa Chang'ombe
Hapo ndio penyewe wakuu. Mimi ulaya sijafika ila nilienda Chamwino kwenye ngoma za Wagogo, zeze na marimba mpaka jioni, hakuna aliyenidai kiingilio hata mia. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, soda, mishikaki, mtoto akalilia puto, nimerudi mama watoto ananiuliza elfu kumi na tano iko wapi. Dogo waulize vyuo hosteli iko umbali gani na mjini.

Zeze la Köln
Samahani naingilia, mimi niko Ujerumani. Huku makumbusho mengi ni ya kulipia, hata yule mjusi wetu wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa Lindi, zaidi ya mita 13 kwenda juu, yuko Berlin na kumwona unakata tiketi. Niliuma meno nikalipa, mwanakijiji mwenzangu yule. Lakini nauli ya semesta imo kwenye ada ndogo ya chuo, mabasi na treni napanda nikitaka, na hiyo peke yake inanitoa chumbani.

Na kanivali ya Köln haina mpinzani. Msimu wanaufungua tarehe 11 mwezi wa 11 saa tano na dakika 11 asubuhi, halafu gwaride kubwa ni Jumatatu kabla ya Jumatano ya Majivu. Magari yanapita yanarusha pipi na chokoleti, watu wanapiga kelele "Kamelle!", bibi mmoja jirani yangu akaniona nahangaika na viganja akageuza mwavuli wake juu chini, zikawa zinaingia zenyewe. Nilikula chokoleti mpaka Pasaka.

Kijana wa Ng'ong'ona
Wakuu asanteni sana. Nimewaandikia wote wawili kuhusu hosteli. London wamejibu, dakika 25 kwa mguu mpaka British Museum. Washington kimya bado, nawapa mpaka Ijumaa. @Zeze la Köln maombi ya kwenu yanafungwa lini? Mwavuli ninao, mkubwa, wa bibi kule Mvumi.

Mkuu wa Kizota
Na huyo nyangumi anaonekana mpaka saa ngapi?