Samaki wangu wa chini wanakufa baada ya kuhamia tangi jipya, nisaidieni

Mtangani_Boy: Salaam wakubwa. Niko Malindi, nina vile vikambare vidogo vya kupamba, koridorasi, walikuwa wanane kwenye tangi la lita 60, wazima kabisa, wanapekua chini kama kuku. Wiki iliyopita nikawahamishia tangi la lita 200, fundi wa vioo kanitengenezea hapahapa mjini, nikasema sasa watastarehe. Siku ya tatu kafa mmoja, ya tano mwingine. Waliobaki wamejibanza nyuma ya filta, mapezi wameyabana, na kila dakika wanapanda juu kuvuta hewa. Maji masafi unasomea gazeti upande wa pili. Niwape dawa gani? Iwe ya haraka.

BintiSabaki: Pole. Kupanda juu peke yake si ugonjwa, hao humeza hewa wakapumulia matumbo, ndivyo walivyoumbwa. Lakini ni mara mojamoja, anachomoka fyuu anarudi chini. Kila dakika hapana, hapo maji yana kitu. Filta ni ileile ya zamani?

Mtangani_Boy: Ileile. Naomba jina la dawa tu.

NahodhaWaAmu: Nyinyi mwapenda kujitesa. Sisi Lamu tangu wazee samaki twatia kwenye birika wapate kula viluwiluwi vya mbu, basi, filta hakuna, umeme hakuna. Birika la nyanya yangu lilikuwa na samaki nikiwa mtoto na nilipooa bado wamo. Siku moja mjomba katawadha kidogo ammeze mmoja, nyumba nzima tulicheka mpaka magharibi.

DaktariWaKuku: Tia chumvi vijiko viwili. Hata kuku wangu wakizubaa huwapa.

BintiSabaki: Usitie! Hawa hawana magamba ya kawaida na chumvi hawaivumilii kama samaki wengine. Na kuku si samaki jamani. Mtangani, hiyo filta uliiosha?

Mtangani_Boy: Niliiosha ndiyo. Sponji ilikuwa na tope jeusi, nikaifua kwa maji ya mfereji na jiki kidogo. Ungekuwa wewe ungetia uchafu ule kwenye tangi jipya?

BintiSabaki: Ningeutia wote! Lile tope ndilo lililokuwa likiwalinda. Mle mna bakteria, kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia, sumu hiyo, wao wanaigeuza naitriti, kisha naitreti ambayo haina ukali ule. Umewaua kwa jiki, sasa tangi lako halina tofauti na ndoo. Hao wapya kujijenga ni wiki nne mpaka sita. Na maji yenye amonia yang'aa vizuri tu, usidanganyike na gazeti.

Mtangani_Boy: Wiki sita haiwezekani, mwenyewe atakuwa ameshafika.

BintiSabaki: Na chini umetandika nini?

Mtangani_Boy: Mchanga.

BintiSabaki: Wa wapi?

Mtangani_Boy: Mchanga mzuri, laini, mweupe. Nilisoma kwamba kokoto zinawakwaruza ndevu zinakatika, ndio nikatafuta laini.

BintiSabaki: Wa wapi kaka.

Mtangani_Boy: Wa ufuoni. Lakini nimeuosha mara tisa, nimeuonja, hauna chumvi hata chembe.

BintiSabaki: Yallah. Shida si chumvi. Mchanga wetu mweupe ni makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa, inapandisha pH, kile kipimo cha asidi na alkali ya maji. Na pH ikipanda amonia ileile inazidi kuwa sumu. Umeua bakteria halafu ukanoa kisu. Chukua mchanga kidogo, ukauke, dondoshea siki. Ukitoa povu ndio huo.

Mlinzi_wa_Miamba: Natumai hukuutoa upande wa hifadhi ya bahari. Ile imelindwa tangu 1968, hata kombe huokoti. Vijana hamheshimu kitu.

Mtangani_Boy: Sijasema nimeutoa hifadhini mzee.

Kibe: Ngojeni kwanza. Kaanza na "nina vikambare", sasa "mwenyewe atakuwa ameshafika". Mwenyewe nani? Hii hadithi imetungwa, kesho atakuja mwenzake kutuuzia dawa ya samaki. Tumepigwa.

NahodhaWaAmu: Mimi tangu alipoonja mchanga nilishatia shaka 😂

DaktariWaKuku: Kweli, picha iko wapi?

Mtangani_Boy: Sawa. Samaki si wangu. Ni wa mzee Mtaliano namtunzia nyumba, yuko kwao, anarudi mwisho wa mwezi. Tangi la zamani lilianza kuvuja usiku, ningempigia angesema nimelivunja mimi, nikatoa pesa yangu mwenyewe nikamnunulia kubwa zaidi nikidhani atafurahi. Mbona hilo hamlisemi? Na nimeshaagiza wawili Mombasa, pesa nishatuma, wanafanana kabisa. Samaki hana kitambulisho.

Mlinzi_wa_Miamba: Amana hiyo kijana. Mpigie simu leo.

Kibe: Bado siamini. Mtu anahesabu samaki wake akiwa Italia?

Mtangani_Boy: Ana majina yao.

NahodhaWaAmu: Uzi ushakuwa kambare huu, kila mtu ana ndevu. Binti, malizia wewe.

BintiSabaki: Ondoa mchanga, taratibu, kidogokidogo, usivuruge maji. Chini ikae tupu kwanza, baadaye utie wa mto uliooshwa. Kila siku badilisha maji kama robo mpaka thuluthi, ya mfereji, yawe yamelala kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini itoke. Maji ya kisima usiguse, visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, utarudi palepale. Chakula punguza, siku moja walishe siku moja waache. Washa pampu ya hewa, joto hili maji hayashiki oksijeni. Ukipata mtu mwenye tangi la zamani muombe kipande cha sponji yake chafu, USIIOSHE. Na hao wa Mombasa wazuie, wakiingia sasa ni amonia juu ya amonia.

Mtangani_Boy: Nimetia siki. Mchanga umechemka kama soda.

Mtangani_Boy: Naanza kuuzoa. Lakini wa Mombasa kanitumia meseji sasa hivi, mzigo ushapita Kilifi.

BintiSabaki: Wapokee na ndoo. Ndoo yao peke yao.