Kadi gani ya michoro ya bei nafuu itatosha kwa Cyberpunk 2077?

Swali

Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani iliyokuwa ikitumika ofisini, yenye prosesa ya Intel Core i7-6700, RAM ya GB 16 na SSD yenye nafasi ya kutosha. Haina kadi ya michoro, na michoro ya ndani ya prosesa haifui dafu mbele ya Cyberpunk 2077. Watengenezaji wa gemu hilo wametaja GTX 1060 ya GB 6 miongoni mwa kadi za kiwango cha chini. Nimepata GTX 1060 iliyotumika kwa bei ninayoimudu, ila ni ya GB 3. Je, tofauti hiyo inatosha kunizuia kuinunua, ilhali jina ni lile lile? Skrini yangu ni ya 1920 kwa 1080, na nitaridhika na ubora wa chini wa picha mradi gemu lisikwamekwame. Paua saplai, yaani kifaa kinachoipa kompyuta umeme, imeandikwa wati 240.

Jibu la kwanza

Ndugu, nakusihi usiinunue. Nvidia walizipa jina moja kadi mbili zisizolingana: ya GB 6 ina viini (vitengo vidogo vya kuchakata picha) 1280, ya GB 3 ina 1152, kwa hiyo upungufu hauko kwenye kumbukumbu peke yake. Hata hivyo kumbukumbu ndiyo itakayokutesa, kwa sababu picha za kuta, nguo na barabara zikishaijaza kadi, zinazobaki huwekwa kwenye RAM ya kompyuta, na njia ya kuzifuata huko ni finyu mno ikilinganishwa na kasi ya kumbukumbu ya kadi yenyewe. Ndipo gemu linaposita kila unapokata kona, hata kama wastani wa fremu kwa sekunde unaonekana mzuri.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umeme. Tundu la PCIe, ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mama, hutoa wati 75 tu, na GTX 1060 hutumia 120, hivyo inahitaji waya wa ziada wa pini 6, ambao kompyuta nyingi za ofisini hazina. Tafuta RTX 3050 ya GB 6: inatumia wati 70, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wowote. Inaishinda GTX 1060, tena ina DLSS, inayochora picha kwa vipimo vidogo kisha kuikuza, jambo linaloipunguzia kadi mzigo. Uwe mwangalifu tu usiuziwe RTX 3050 ya GB 8, kwa kuwa hiyo hufikia wati 130.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu GTX 1060, ila mimi ningebadilisha paua saplai na kununua RX 6600, kadi ya AMD. Ina GB 8, inatumia wati 132, na nguvu yake inaikaribia RX 5700 XT, ambayo watengenezaji wameitaja kwenye kiwango kinachopendekezwa. Kabla ya hapo fungua boksi uangalie plagi kubwa iliyochomekwa kwenye ubao mama: ikiwa ni ya pini 24, paua saplai ya kawaida itaingia, ikiwa ni nyingine, basi kiwanda kilitumia plagi yake chenyewe na fuata ushauri wa kwanza.

Uzee wa kadi nao ni hoja nzito. Gemu la Indiana Jones and the Great Circle la mwaka 2024 halikubali kadi isiyo na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na GTX 1060, iliyotoka mwaka 2016, haina vifaa hivyo, iwe ya GB 3 au ya GB 6. RTX 3050 na RX 6600 zote zinavyo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimefungua boksi na kukuta plagi ya pini 6 tu kwenye ubao mama, wala hakuna waya wa ziada. Nafasi ya kadi ipo, kwa urefu na kwa upana. Nitachukua RTX 3050 ya GB 6, na huenda ikawa iliyotumika. Niikague vipi?

Jibu la tatu

Omba ichomekwe kwenye kompyuta mbele yako, kisha fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi. Wapo wanaoandika upya BIOS (programu iliyo ndani ya kadi yenyewe) ya kadi kuukuu ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Nyingi za namna hiyo programu hii huzitambua na kuweka neno FAKE mbele ya jina. Soma pia kiasi cha kumbukumbu kilichoandikwa hapo. Baada ya hayo iendeshe kwa mzigo mkubwa kwa dakika 20 hivi, ukitazama joto, feni na madoa ya rangi kwenye skrini. Muuzaji akikataa jaribio hilo, iache.