Mafundi wa kunyanyua pikapu Kigoma: gari linalala upande mmoja, mnapachika chuma na kuchukua hela!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naweka hapa.

Nina Hilux ya mzigo. Dagaa wa Kibirizi, madumu ya mawese, chumvi ya Uvinza, ndiyo kazi yake. Niliipeleka gereji moja hapa mjini (jina naliacha, wenyewe wanajijua) inyanyuliwe nyuma: jani moja refu la springi liongezwe kila upande, na bloku (kipande cha chuma cha kuinua springi) juu ya ekseli. Ikatoka imelala kushoto. Namwonesha fundi, ananiambia, "Bosi, hayo majani mapya, yatakaa yenyewe."

Yatakaa? Jani jipya hukaa kweli, ila hukaa pande zote mbili. Kushoto ikae, kulia igome, kwa sababu gani?

Nikairudisha. "Tunaisawazisha, kaa hapo kwenye benchi." Walichofanya ni kukata kipande cha bapa, wakakisokomeza kati ya bloku na springi ya kushoto, wakarudishia yubolti (boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zilezile za zamani na kudai hela nyingine. Hakuna aliyeshika futi. Hakuna aliyelala chini ya gari na tochi. Likasimama sawa mpaka nilipobeba mzigo wa kwanza wa chumvi, kisha likalala tena.

Nikaona isiwe tabu, nikapima mwenyewe. Na hapa naandika kwa kirefu kwa sababu kuna wenzangu wanaliwa hivihivi.

Usipime gari likiwa pembeni ya barabara. Barabara zetu zina mgongo katikati, tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila gari lililoegeshwa linaonekana limelala kushoto. Mimi nilitumia sakafu ya zege, gari tupu, upepo sawa kwenye matairi yote, na matairi ya nyuma ya saizi moja. Kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi juu ya tairi: kulia sentimita 58, kushoto 54 na nusu. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, maana bodi inaweza kuwa imekaa vibaya kwenye raba zake. Nikapima kutoka chesisi (fremu ya gari) hadi ekseli. Tofauti ileile. Basi bodi haina kosa.

Lakini kosa laweza kutoka mbele likaonekana nyuma. Ukiwa na springi moja dhaifu mbele, chesisi inaegama na kona ya nyuma inashuka nayo. Nikaweka magogo kwenye matairi ya nyuma, nikapiga jeki katikati kabisa ya chuma kinachounganisha chesisi huko mbele, hadi matairi ya mbele yote mawili yakaachia sakafu. Kama ubovu ungekuwa mbele, nyuma ingenyooka. Haikunyooka hata kidogo.

Nikaingia chini. Shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi) ya kulia imesimama vizuri, ya kushoto imelalia nyuma. Boliti zake hazikukazwa gari likiwa limesimama kwa kimo chake! Bushi (raba iliyo kwenye tundu la boliti) ukiikaza springi ikiwa imekandamizwa kupita kimo chake, ile raba inabaki imejisokota, inavuta springi chini na kukupa kimo cha uongo. Nikalegeza zile boliti, tairi zikiwa chini, nikalitikisa gari, nikakaza upya. Upande wa kushoto ukapanda karibu sentimita moja. Bure kabisa, spana tu.

Zikabaki mbili na nusu. Nikafungua springi ya kushoto. Jani la tatu limekatika palepale kwenye tundu la sentabolti (boliti ya katikati inayoshika majani pamoja), mahali ambapo huoni mpaka ufungue. Na mkato wenyewe, wakuu, nusu yake ina kutu ya zamani, nusu inang'aa. Yaani ufa ulikuwepo tangu siku walipofungua hilo fungu la majani kwa mikono yao kuongeza jani jipya! Walilishika, wakalirudisha, wakafunga. Halafu mzigo ukamalizia.

Na yubolti. Hizo hubadilishwa ukinyanyua gari, na hukazwa tena baada ya kilomita 500 hadi 1000. Zikilegea, springi inacheza kwenye tundu la sentabolti na ndipo inapokatikia. Hakuna aliyeniambia nirudi kukaza. Chuma juu ya bloku ndiyo kabisa: kikichomoka, ekseli inahama ukiwa kwenye mwendo.

Kinachoniuma zaidi ni breki. Hilux hii ina valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa kifimbo kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chesisi. Ukinyanyua gari bila kurekebisha kile kifimbo, valvu inadhani gari ni tupu muda wote na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Yangu haikuguswa. Nimekuwa nikishuka mteremko wa Mwanga kuelekea stesheni na tani ya chumvi mgongoni, mbele kuna bodaboda, wanafunzi na akina mama na mabeseni ya migebuka. Angekufa mtu pale, nani angejibu? Fundi angesema dereva alikuwa na mwendo kasi.

Nimewarudia na lile jani mkononi. Jibu: "Kaka, barabara mbovu." Hela yangu hawarudishi.

Sasa naomba mambo mawili. Anayejua duka, Kigoma au hata Tabora, linalouza springi za Hilux kwa jozi, kushoto na kulia za seti moja, pamoja na yubolti mpya, aweke hapa. Na wewe uliyenyanyuliwa gari mjini hapa, kapime leo kwenye zege, chesisi hadi ekseli, pande zote mbili, halafu weka namba zako kwenye uzi huu. Fundi atakayekuja kutetea naye aje na vipimo.