Kiwanda kilichojengwa kwa matofali kando ya mto: maungio yazibwe kwa saruji?

Ukuta_Mtoni: Wakuu, jengo ni kiwanda cha zamani cha kusaga nafaka ukingoni mwa mto, ghorofa nne, matofali ya kuchoma, nguzo za chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu). Sehemu ya chini matofali yanamenyeka na chumvi nyeupe inatoka. Mkandarasi anataka kujaza saruji kwenye maungio (nafasi kati ya tofali na tofali), kisha rangi isiyopitisha maji. Kuna ubaya?

Chokaa_Tupu: Mkuu, mzuie kabla hajashusha mifuko. Matofali ya namna hiyo ni laini, na yalijengwa kwa chokaa ili unyevu utokee kwenye maungio. Ukiziba kwa saruji, maji yanatokea kwenye tofali lenyewe. Yakikauka, chumvi inaganda ndani ya vitundu na kubandua uso. Huenda hata hapo saruji ilishapigwa zamani: tazama kama maungio yamebaki mbele huku tofali limeliwa nyuma.

Toa maungio kwa patasi nyembamba, kina mara mbili ya upana wa ungio, kisipungue milimita 25. Grenda hapana, inakata kingo za tofali. Osha vumbi, lowesha, kisha jaza chokaa ya haidroliki (inayoshika kwa maji) 1 kwa mchanga mkali 2.5 hadi 3. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, kwani ikikaushwa na jua inabaki unga. Rangi hiyo nayo isahau.

Magogo_Chini: Chokaa sawa, ila mngeanza na msingi. Majengo mengi ya ukingoni yamekaa juu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope. Maghala ya Speicherstadt, Hamburg, Ujerumani, yaliyoingia Urithi wa Dunia 2015, yako hivyo. Gogo lililozama muda wote hudumu sana. Maji ya ardhini yakishuka, labda kwa sababu jirani anachimba na kupiga pampu, kichwa cha gogo kinapata hewa na kuvu inaanza kula. Chimbeni shimo la ukaguzi, na mweke bomba la kupimia kina cha maji, masika na kiangazi.

Nguzo zenye nyufa zisichomelewe kienyeji. Chuma cha kusubu kikipata joto upande mmoja hupasuka zaidi. Ufa hushonwa kwa pini za chuma, bila moto.

Ukuta_Mtoni: Na mafuriko? Tunafikiria vizuizi vya milangoni.

Magogo_Chini: Kimo chake kiishie sentimita 60 hivi. Maji yakizidi hapo nje huku ndani pakavu, msukumo unaweza kubomoa ukuta, heri yaingie. Soketi za umeme zipandishwe juu, na bodi za jasi zisitumike ghorofa ya chini.